Roboti ya kutembeza mtoto mwenye mtindio wa ubongo: mwongozo wa mzazi kutoka Mwanza

Kama una mtoto mwenye mtindio wa ubongo, video hiyo umeshatumiwa. Mimi ilinifikia mara nne ndani ya wiki moja, ya kwanza kutoka kwa shemeji yangu wa Sengerema. Mtoto kavalishwa mikanda kifuani, kaning'inizwa juu ya mkanda unaozunguka kama ule wa jimu, miguu imefungwa kwenye vyuma, na vyuma vinamtembeza huku mama yake analia pembeni. Chini kabisa kuna namba ya simu. Tukaunda kamati kama ya harusi, kiwanja cha Usagara kikauzwa, nikapanda ndege na Doto wangu kwenda India kwa wiki sita.

Doto ni pacha. Yeye na Kulwa walizaliwa miezi saba. Kulwa anakimbia, Doto miguu yake hukaza na kupishana kama mkasi. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Nyakato. Si daktari, na hakuna neno hapa la kumfanya mtu aache kliniki. Naandika kwa mpangilio ambao ningependa mtu anipe kabla sijasaini karatasi za kiwanja.

Elewa kwanza unanunua nini

Roboti ya kutembeza inayojulikana zaidi ni Lokomat, kazi ya kampuni ya Hocoma ya Uswisi, lakini ziko nyingine. Ukiondoa rangi na jina, nyingi za aina hii ni mkusanyiko wa vitu vinne: mikanda ya kupunguza uzito wa mwili, mkanda wa kukanyagia unaozunguka, vyuma vyenye mota kwenye nyonga na magoti, na skrini yenye mchezo wa kumtia mtoto hamu.

Kinachouzwa ni marudio. Ubongo wa mtoto hujifunza kazi kwa kuifanya kazi hiyohiyo mara nyingi, si kwa kufanya kitu kinachofanana nayo. Anayetaka kutembea apige hatua; anayetaka kula mwenyewe ashike kijiko. Sasa piga hesabu ya kifundi: mashine ikienda kilomita 1.5 kwa saa, nusu saa ni mita 750. Hatua ya mtoto ikiwa sentimita 40, hizo ni karibu hatua 1,900. Hakuna mzazi wala fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) mwenye mgongo wa kuinama na kumsogezea mtoto miguu mara 1,900. Hapo mashine inastahili sifa yake.

Lakini Kiswahili chetu kina herufi chache zinazobeba shida yote: kutembea na kutembezwa. Siku ya tatu kule India niligeuka kuangalia Doto kwa nini kanyamaza. Kichwa kimeegemea mkanda, mdomo wazi, amelala. Miguu inatembea. Hatua zinahesabika kwenye skrini, na bili inaandikwa. Nikamuuliza binti aliyekuwa anaendesha, kwa Kiingereza changu cha mbao: huyu anatembea au anatembezwa? Akaangalia, akashtuka kidogo, akanionyesha namba. Msukumo wa mashine ulikuwa 100, maana yake vyuma vinafanya kazi yote na mtoto ni abiria. Ulikuwa umeachwa hapo tangu siku ya kwanza. Akaushusha hadi 60. Papo hapo goti la kushoto likaanza kuchelewa, hatua zikawa mbaya kuziangalia, Doto akaamka amekunja uso. Baada ya dakika sita jasho lilikuwa linamtoka puani na aliomba maji. Kwangu mimi mazoezi yalianza siku hiyo. Zile mbili na nusu za mwanzo tulipanda basi.

Na tafiti zilizolinganisha roboti na mazoezi ya kawaida ya muda uleule kwa watoto hawa hazijaonyesha kwa uhakika kwamba roboti inashinda. Inasaidia baadhi yao, hasa ikichanganywa na mazoezi mengine yenye lengo la wazi. Haiponyi. Ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa, au kwa manjano kali, au kwa homa ya uti wa mgongo, haurudishwi na mota. Anayekuambia "atapona" anauza kitu kingine.

Hatua ya kwanza: jua mtoto yuko kundi gani

Kwenye faili la mtoto unaweza kukuta herufi GMFCS na namba kati ya 1 na 5. Kama hazipo, muombe fizio aziandike. Ni mfumo uliotengenezwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1997, na unaangalia jambo moja tu: mtoto anajongeaje siku za kawaida. Wa kundi la 1 anatembea popote na kupanda ngazi bila kushika. Wa 2 anatembea, ila mlima, umbali na ngazi vinamshinda bila kushikilia. Wa 3, kama Doto, anatembea kwa magongo au fremu. Wa 4 muda mwingi yuko kwenye kiti, akisimama anashikwa. Wa 5 hata shingo na kiwiliwili vinahitaji kuegemezwa.

Namba hiyo ndiyo inayokuambia roboti itakufaa kwa lipi. Kwa kundi la 2 na la 3 unaweza kutafuta hatua bora na pumzi ndefu. Kwa la 4 na la 5 lengo huwa kusimama, mifupa, choo kupata kwa urahisi, na mtoto kuiona dunia akiwa wima. Ni malengo ya heshima, lakini mengi yanapatikana kwa ubao wa kusimamia na kiti kilichopimwa. Huko Zimbabwe mwalimu mmoja, Bevill Packer, alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya watoto hawa kwa maboksi ya karatasi na gundi ya uji wa unga. Nimevikalia mwenyewe, mimi mtu wa mbao nilidharau, nikanyamaza.

Kisha umri. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia watoto 657, ulionyesha kwamba watoto hufika karibu asilimia 90 ya uwezo wao mkubwa wa kujongea wakiwa na miaka 5 au chini ya hapo. Isomeni polepole hiyo, wazazi wenzangu, kwa sababu sisi tulikaa miaka miwili "tukisubiri hela ya roboti". Baada ya miaka 5 mtoto bado anajifunza mengi, pumzi na nguvu bado vinaongezeka, lakini miaka ya kusubiri hairudishwi na tiketi ya ndege.

Hatua ya pili: tepu, nyonga, degedege

Chukua tepu. Mkalishe mtoto, pima paja kutoka kwenye kiungo cha nyonga, pale panapojikunja kwa pembeni, hadi katikati ya goti kwa nje. Roboti kubwa ya watoto inahitaji paja la takriban sentimita 21 kwenda juu, urefu ambao watoto wengi huufikia karibu na miaka 4. Mtoto wa miaka miwili hatoshi kwenye vyuma, hata uwe na hela kiasi gani. Tulikutana kule na mama aliyetoka mbali kuliko sisi na mtoto mdogo. Alirudishiwa nusu ya malipo.

Pili, picha ya eksirei ya nyonga. Hili nalisema kwa nguvu kuliko yote. Misuli inayokaza huvuta mfupa wa paja utoke kwenye kikombe chake kidogokidogo, bila kelele. Utafiti wa Australia wa mwaka 2006 ulikuta nyonga zimesogea kwa karibu theluthi ya watoto wote wenye mtindio wa ubongo, na kwa kundi la 5 ni 90 kati ya 100. Kumfunga mtoto wa namna hiyo kwenye mashine ni kumwongezea maumivu ambayo pengine hawezi kuyasema. Picha hiyo hakuna haja ya kwenda nje kuipata. Hospitali za Bugando na Sekou Toure zipo hapa Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mtu wa Sengerema hana tena foleni ya kivuko ya kusingizia.

Yanayozuia mashine, kwa kifupi: degedege lisilotulia kwa dawa, nyonga iliyotoka, mfupa uliovunjika au mwepesi kuvunjika, viungo vilivyoganda kabisa, vidonda pale mikanda inapokaa. Mtoto ambaye hajawahi kusimama mifupa yake ni laini; daktari aulizwe kabla.

Hatua ya tatu: maswali kabla ya kulipa

Yaandike, yatume kwa ujumbe, usiyapeleke kwa mdomo tu, maana majibu ya simu hupeperuka.

Uliza nani anaendesha mashine na kama ni fizio wa watoto. Uliza ndani ya saa moja wanayokutoza, dakika ngapi miguu inatembea, kwa sababu kuvalishwa na kupimwa huweza kula dakika 20. Uliza msukumo utaanza wangapi na utashushwa lini. Akijibu kwamba haushushwi, kata simu. Uliza watampima mtoto kwa kipimo gani siku ya kwanza na ya mwisho, na nakala utapewa. Uliza mazoezi ya chini, nje ya mashine, ni mangapi kwa wiki.

Swali la mwisho ndilo gumu: baada ya wiki sita nifanye nini nyumbani? Sisi tulipewa karatasi yenye picha za mtoto wa Kizungu juu ya mpira mkubwa wa bluu. Mpira huo niliutafuta Mwanza nzima, nikaupata mmoja, bei yake ningenunua mbuzi.

Hatua ya nne: mirunda

Hapa niko nyumbani, mtanivumilia.

Tuliporudi, fizio wetu wa hapa, mama mmoja mpole anayekuita "baba Kulwa" hata akikugombeza, aliniuliza: wewe si fundi? Basi tengeneza. Tengeneza nini? Ile mikono ya chuma wanayoshikilia watoto hospitalini, miwili, sambamba.

Chagua mirunda miwili ya mikaratusi iliyonyooka, mita 3, unene ambao kiganja cha mtoto kinaweza kuuzunguka. Kwa Doto ilikuwa sentimita 4. Menya ganda lote, piga randa, kisha msasa mpaka upitishe soksi ya nailoni juu yake bila kunasa. Hicho ndicho kipimo changu cha kibanzi, soksi ya mama. Pakaa mafuta ya alizeti, acha jua limalize. Mafuta machafu ya gari ni kwa ajili ya sehemu ya nguzo inayoingia ardhini tu, kuzuia mchwa. Yasifike mtoto anaposhika.

Kimo: msimamishe mtoto akishikwa, mkono uning'inie, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hapo ndipo mrunda ukae, kiwiko kibaki kimejikunja kidogo. Upana kati ya mirunda: mabega yake, ongeza sentimita 5 kila upande. Ikiwa mipana sana atatawanya mikono na kuning'inia kama nguo. Ikikaribiana mno atailalia.

Nguzo nne zichimbiwe nusu mita. Ukikaa Mabatini au Igogo, juu ya majabali, kuchimba ni ndoto, najua. Chukua makopo manne ya rangi ya lita 20, simamisha nguzo ndani, jaza zege na mawe, acha wiki. Funga mirunda kwa bolti, si misumari, kwa sababu mtoto atakua na utahitaji kuipandisha. Kisha wewe mwenyewe, na uzito wako wote, uning'inie. Ikitikisika, haijaisha.

Hatua ya tano: hatua zenyewe

Mtoto awe ameshiba lakini si sasa hivi, saa moja baada ya uji inatosha. Watoto wetu hutumia nguvu nyingi kwa hatua moja kuliko wenzao, na wengi ni wembamba. Uji wenye unga wa dagaa ndani si anasa, ni mafuta ya mashine. Kama amepewa splinti za miguu, yaani vifaa vya kushikilia mguu ukae sawa, azivae.

Kaa nyuma yake kwenye kigoda, shika nyonga kwa viganja viwili. Usishike kwapani wala usimwinue kwa mikono, bega la mtoto hutoka. Sogeza uzito wake taratibu upande wa kulia, mpaka uhisi mguu wa kushoto umekuwa mwepesi. Sasa acha. Hesabu moyoni mpaka tano. Bibi yake Doto hapo ndipo husimama na kusema "mtoto anateseka, msaidie", na hapo ndipo unapojibu kwa upole, "mama, anafikiri." Mara nyingi kwenye nne, goti linapanda. Lisipopanda hadi tano, gusa nyuma ya paja kwa kidole. Gusa tu. Huo ndio msukumo wako wa 60, na kila wiki ujaribu kuushusha.

Mwisho wa mirunda awepo mtu wa kufika kwake. Kwetu ni Kulwa, na vizibo vya soda. Kila safari moja ya mita 3, Doto anapewa kizibo akitupe kwenye kopo la maziwa. Kile kishindo chake kinamfurahisha kuliko mchezo wa India. Hatua zake zilikuwa za sentimita 25, kwa hiyo safari moja ni hatua 12. Tulianza na vizibo 10, yaani hatua 120, tukipumzika katikati, siku tano kwa wiki. Baada ya miezi mitatu alikuwa anafika 40. Hatua 480 si 1,900, lakini hakuna hata moja aliyosinzia.

Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Kulia usiku, mguu mmoja kuonekana mfupi, uvimbe, au mtoto aliyekuwa anasimama kukataa kusimama, si kawaida: acha, nenda hospitali.

Mkono nao

Kuna roboti za mikono pia, na wazo ni lilelile. Kwa mtoto ambaye upande mmoja ndio dhaifu, wataalamu hufunika mkono wenye nguvu kwa muda ili ule mzito ulazimike kufanya kazi. Njia hii ina ushahidi mzuri kuliko roboti nyingi. Kwetu mke wangu huuvisha mkono wa kulia wa Doto soksi, anamwekea sinia la dagaa za Mwaloni, achambue michanga na vijiti kwa kushoto. Nusu saa, wakipiga stori. Fizio ndiye aliyetupangia muda. Usimfunge mtoto siku nzima, anakuwa mkali na anachukia mchezo wenyewe. Siku nyingine soksi inatoka, kazi inakuwa ya mikono miwili: kumenya ndizi, kufungua chupa, kukunja kanga.

Ziwa liache

Utaambiwa maji ni dawa, na ni kweli kwamba majini mwili huwa mwepesi. Lakini Ziwa Victoria lina kichocho, na kuna fukwe zenye mamba. Ukipata bwawa la kuogelea linalotiwa dawa, nenda na fizio akuelekeze. Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa mtoto anayeshaweza fremu, asubuhi kabla haujachemka, mbali na maji.

Daftari

Daftari la kurasa 96, kalamu imefungwa kwa uzi. Andika tarehe, vizibo, viatu au splinti, alicholalamikia, dawa ya kifafa kama anatumia na kama alikosa dozi. Peleka kila kliniki. Daktari mwenye wagonjwa 40 kwenye benchi hataweza kukuuliza yote, lakini daftari ataligeuza. Kutokana na daftari letu ndipo ilipoonekana kwamba wiki mbili kila mara baada ya Doto kurefuka, vizibo hupungua: mfupa unakua, msuli unabaki nyuma. Siku hizi tukiona hivyo tunaongeza muda wa kusimama na kumrudisha wakague splinti, badala ya kumlaumu kwa uvivu kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Na kama hela ya roboti ipo, na paja linatosha, na nyonga ni nzima, na maswali yamejibiwa, mpeleke. Ila jenga mirunda kabla hujaondoka.

Yetu ilianza na kimo cha sentimita 52. Jana nimeipandisha hadi 58. Doto alinishikia tepu upande wa chini kwa mkono wa kushoto, ule unaokaza, akaiachia kabla sijasoma namba, ikabidi tupime tena.